Kwa nini beringi za tairi la nyuma hazimalizi miezi miwili

Swali la msomaji:

"Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Ifakara, natumia pikipiki ya cc 150, breki za ngoma mbele na nyuma. Tairi la nyuma linavuma nikifika spidi hamsini, na nikilitikisa linacheza. Mwaka huu nimeshabadilisha beringi mara mbili kwa fundi wa kijiweni, na zote hazikumaliza miezi miwili. Chombo ni cha mkataba. Nikikipeleka gereji siku nzima inapotea na bosi anataka hesabu yake. Naweza kubadilisha mwenyewe nyumbani? Na nikizitia grisi mara kwa mara si zitadumu? Wengine wananiambia beringi za siku hizi zote ni feki, nisihangaike."

Marahaba, mdogo wangu. Kazi hii unaiweza nyumbani. Unahitaji spana zako za kawaida, nyundo, kipande cha nondo, soketi mbili tatu, maji ya moto na asubuhi moja isiyo na haraka. Ila kabla hujaenda dukani mara ya tatu, elewa kwamba beringi ya tairi kufa ndani ya miezi miwili si uchakavu. Kuna kitu kinaziua, na kitu hicho bado kimo ndani ya pikipiki yako. Usipokitafuta, utafunga mpya kwa uangalifu wote na baada ya wiki chache utasikia mvumo ule ule.

Na kwa kuwa umesema tairi tayari linacheza, kuanzia leo usipakie abiria mpaka uifungue. Beringi ikisambaratika ukiwa mwendoni, tairi linalala upande, cheni inaruka kwenye spoketi na inaweza kujikunja ikafunga tairi ghafla. Mpigie bosi umweleze. Asubuhi moja ya matengenezo ni nafuu kwake pia kuliko chombo kulala wiki mbili na dereva hospitali.

Wapo pia watakaokuambia kinachoziua ni mzigo mzito. Nianze na hao. Chukua beringi namba 6302, moja ya saizi zinazokutwa kwenye habu (kile kitovu cha tairi) za pikipiki za ukubwa wako. Watengenezaji wakubwa wanaipa uwezo wa kama kilonewtoni 11, yaani uzito wa takribani kilo 1,100. Kanuni ya maisha ya beringi za gololi inasema hivi: gawa uwezo huo kwa mzigo halisi, jibu lipeleke kwenye kipeo cha tatu, na unachopata ni mamilioni ya mizunguko ambayo beringi tisa kati ya kumi zitaifikisha. Pikipiki, wewe, abiria na kifurushi chake, tuseme beringi moja ya nyuma inabeba kilo 130. Hesabu inatoa zaidi ya mizunguko milioni 600. Tairi la inchi 17 linakwenda karibu mita 1.9 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo hiyo ni zaidi ya kilomita milioni moja. Sasa ongeza mashimo na mvuto wa cheni, mzigo uwe mara mbili. Maisha yanashuka mara nane, na bado unabaki na kama kilomita 140,000. Dereva mchapakazi anayetembea kilomita 150 kwa siku anamaliza kilomita 9,000 kwa miezi miwili. Magunia ya mpunga yanaumiza spoki na shokapu, lakini si yaliyoua beringi zako.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ni ya beringi safi, iliyokaa sawasawa, yenye grisi. Kwa hiyo swali linakuwa ni lipi kati ya hayo matatu limevunjwa kwako. Mimi kwa maelezo yako naanza kushuku namna zilivyofungwa, na hasa bushi ya kati.

Ndani ya habu, beringi mbili zinakaa kila moja upande wake, na kati yao kuna bomba fupi la chuma ambalo ekseli inapita ndani yake. Ndiyo bushi ya kati. Watu huidharau kwa kuwa haizunguki na haina gololi, lakini kazi yake ni kubwa. Beringi ina ringi mbili: ya nje inayobanwa na habu, na ya ndani inayokaa kwenye ekseli. Unapokaza nati ya ekseli, nguvu yote inapita kwenye ringi ya ndani ya beringi ya kwanza, inaingia kwenye bushi ya kati, inatokea kwenye ringi ya ndani ya beringi ya pili. Ringi za nje na gololi hazionji nguvu hiyo, na ndiyo maana unaweza kukaza nati kwa nguvu zako zote na tairi likazunguka laini.

Sasa bushi ikikosekana, au ikiwa fupi hata kwa sehemu ya milimita, nati inazivuta ringi mbili za ndani zikaribiane huku ringi za nje zimeshikwa na habu. Gololi zinasukumwa pembeni, zinapanda ukingo wa njia yake badala ya kukimbia katikati. Beringi inapata joto, grisi inalainika na kutoka, na chuma kinaanza kumegeka. Beringi ya namna hiyo hata iwe halisi kutoka kiwandani Japani haitadumu. Bushi hupungua urefu pale fundi anapoigonga kichwani wakati wa kutoa beringi, ncha ikachanuka, kisha mwingine akaja akaipiga tupa ili iingie. Wakati mwingine ilidondoka ikapotea, ikakatwa bomba lolote lililokaribia urefu.

Hili unaweza kulipima kabla hujatoa kitu. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa ili tairi la nyuma liwe hewani. Legeza nati ya kurekebishia breki mpaka shuu za breki zisiguse ngoma kabisa, kisha itoe cheni kwenye spoketi, maana cheni inaficha kila kitu. Zungusha tairi kwa mkono na uweke kiganja kwenye mkono wa nyuma unaobeba tairi. Kukwaruza kwa beringi kunasikika zaidi kwa kiganja kuliko kwa sikio. Halafu legeza nati ya ekseli mzunguko mmoja tu na uzungushe tena. Tairi likiwa zito nati ikiwa imekazwa, na jepesi ikiwa imelegezwa, basi muuaji wako ni bushi ya kati. Likikwaruza sawa sawa katika hali zote mbili, beringi zimeshakufa na chanzo utakiona ukifungua.

Ukishakaza tena, shika tairi juu na chini, sukuma moja vuta nyingine. Mwombe mtu ashike mkono wa nyuma wakati unatikisa. Ikiwa mkono nao unakwenda pamoja na tairi, bushi za mkono ndizo zimeisha, na utakuwa umelaumu beringi bure. Ikiwa mkono umetulia na tairi peke yake linacheza, tunaendelea. Kumbuka pia kwamba pikipiki nyingi za aina yako zina beringi ya tatu nyuma, ndani ya kile kipande kinachobeba spoketi, kinachokaa juu ya raba za habu. Hiyo ndiyo inayovutwa na cheni siku nzima, na mafundi wenye haraka huiacha humo humo wakabadilisha mbili tu. Cheni iliyokazwa kupita kiasi inaiua hiyo kwanza.

Kutoa tairi unakujua, sitakuchosha. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua: bushi ndogo za pembeni ziko upande gani, ipi ndefu ipi fupi, mkono unaozuia kifuniko cha breki umefungwaje. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Baadhi ya shuu za zamani zina asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa kibichi. Ekseli ikishatoka, iviringishe juu ya kioo cha dirisha au meza bapa. Ikirukaruka imepinda, na ekseli iliyopinda inazilaza beringi upande kila siku.

Sasa ingiza kidole kwenye ringi ya ndani ya kila beringi uizungushe polepole, huku ukiisukuma kidogo pembeni. Beringi nzima inazunguka laini kabisa, na uzito mdogo wa grisi unausikia. Ukisikia changarawe, au kidole kikikwama mahali fulani kila mzunguko, hakuna mjadala, inatoka. Na ikitoka moja zinatoka zote. Kuchanganya beringi mpya na nzee kwenye ekseli moja ni kulipa kazi mara mbili.

Toa sili, ile raba inayoziba pembeni mwa habu kuzuia maji na vumbi, kwanza kwa bisibisi pana, na kama kuna klipu ya kubana beringi, itoe pia. Nimeona watu wakigonga habu mpaka ikapasuka kumbe klipu bado imo. Laza tairi juu ya mbao mbili ili habu isiguse sakafu. Chemsha maji, na ukiwa umeshaondoa kifuniko cha breki, yamimine taratibu kuzunguka sehemu ya habu inayoshika beringi. Habu ni alumini na beringi ni chuma, na alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Tundu la milimita 42 likipanda joto nyuzi 60 linaongezeka kama milimita 0.06. Kwa jicho ni kidogo, lakini ndiyo tofauti ya beringi inayotoka kwa kugongwa kistaarabu na inayotoka na vipande vya habu. Chombo cha petroli kikae mbali kabisa na jiko unalochemshia. Kwa kuoshea tumia mafuta ya taa, petroli haina haja hapa.

Tumia nondo ya milimita 10 au 12, urefu kama sentimita 30, ncha moja uisage iwe bapa yenye kona kali. Ipitishe upande mmoja, isukume bushi ya kati kidogo pembeni mpaka upate ukingo wa ringi ya ndani ya beringi ya upande wa pili. Gonga hapo mara moja, hamia upande wa pili wa ringi, gonga, rudi. Ukigonga mahali pamoja tu, beringi inalala na kuikwaruza habu. Vaa miwani, hata ya jua. Chuma cha beringi ni kigumu sana na kinaweza kurusha kipande. Kichwa cha nyundo kisiguse beringi yenyewe hata siku moja.

Wakati mwingine ringi ya ndani na gololi zinatoka, ringi ya nje inabaki imeng'ang'ania habu. Usiichimbe kwa tindo. Mpelekee fundi welding apige mstari mmoja wa weld kuzunguka upande wa ndani wa ringi hiyo. Ikipoa inasinyaa na mara nyingi inadondoka yenyewe.

Beringi iliyotolewa kwa kugongwa ringi ya ndani hairudi kwenye tairi, hata kama inazunguka vizuri. Nguvu ya nyundo imepita kwenye gololi, na kila gololi imeacha kibonyeo kidogo kwenye njia yake. Lakini usiitupe. Ichokonoe raba yake ya pembeni inayoziba gololi kwa ncha ya sindano nene, uifungue, uitazame, kwa sababu humo ndimo jibu lako lilimo.

Grisi yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Grisi ya kahawia iliyochanganyika na unga wa kutu, nayo ni maji, yaliyokaa muda mrefu zaidi. Kama ni hivyo, fikiria unavyoosha chombo. Mashine ya presha ikielekezwa kwenye habu inapitisha maji kwenye sili yoyote. Na kuna jambo ambalo madereva wengi wa bonde la Kilombero hulifanya bila kujua: unakuja mbio, habu ina moto wa breki, unaingia moja kwa moja kwenye maji ya mafuriko. Hewa iliyomo ndani ya habu inapoa ghafla, inasinyaa, na inavuta maji kupitia sili. Masika ukikuta maji yamevuka barabara, subiri dakika chache habu ipoe kabla hujavuka. Na uoshaji wa habu uwe wa kopo na kitambaa.

Ukikuta grisi nyeusi iliyokauka na chuma chenye rangi ya bluu, hiyo imeungua kwa kubanwa, na tunarudi kwenye bushi ya kati. Osha ringi ya nje kwa mafuta ya taa, uielekeze kwenye jua na utazame ule mstari unaong'aa ambapo gololi zimepita. Ukiwa katikati ya mfereji kuzunguka kote, beringi ilikaa sawa. Ukiwa umepanda ukingoni, ilisukumwa pembeni maisha yake yote. Ukiwa umepinda, upande huu juu na upande ule chini, iliingizwa imelala. Na ukiona vidoti vyenye nafasi sawa sawa, kimoja kwa kila gololi, mara nyingi hiyo ni nyundo: aliyeifunga aligonga ringi ya ndani, au ni wewe ulipokuwa ukiitoa. Pitisha ukucha juu ya mstari huo. Ukucha unakwama hata pale ambapo jicho halioni.

Sasa grisi. Beringi unazonunua siku hizi nyingi zimefungwa pande zote mbili na grisi yake imo tayari. Kiwandani wanajaza kama theluthi moja tu ya nafasi iliyomo, kwa makusudi, kwa hiyo usizifungue mpya kwenda kuzijaza. Grisi inayozidi inasukuma raba, inatoka nje, na kwenye tairi la breki za ngoma mahali pa kwanza inapokwenda ni kwenye shuu. Kupaka grisi nje ya beringi iliyofungwa nako hakuiongezei kitu, kunakusanya vumbi. Kwa hiyo kuzitia grisi mara kwa mara hakutakuokoa ikiwa bushi ni fupi au maji yanaingia.

Grisi ina nafasi yake, hata hivyo. Ukifungua tairi kwa sababu nyingine, labda kubadilisha shuu, na kukuta beringi laini lakini grisi yake imepungua, unaweza kuihudumia hapo hapo ndani ya habu. Inua raba ya upande wa nje kwa wembe au sindano, ukianzia ukingo wa ndani ili usiipinde. Osha kwa brashi na mafuta ya taa, rudia mpaka yatoke safi, futa na uache ikauke kabisa. Usiikaushe kwa kuizungusha na upepo wa kompresa, kwani beringi isiyo na grisi ikizungushwa kasi inajikwaruza na inaweza kurusha gololi. Weka grisi ya lithiamu ya matumizi mengi, namba 2 au 3, uisukume kwa kidole kati ya gololi mpaka utosheke na theluthi, kisha rudisha raba kwa kuibonyeza kuzunguka. Grisi za aina tofauti zisichanganywe; nyingine zikikutana zinayeyuka kuwa maji maji. Rangi nyekundu au bluu haikuambii ubora, ni rangi tu. Zile zenye vifuniko vya bati badala ya raba ziache, ukikibandua kifuniko kinapinda na hakirudi. Mdomo wa sili na mwili wa ekseli vipake grisi nyembamba kila unapofungua, hapo ndipo inazuia maji na kutu kweli kweli.

Ukienda dukani nenda na beringi ya zamani mkononi. Namba iliyochorwa juu yake ndiyo unayonunua, si jina la pikipiki. Katika 6302, 02 mwishoni ina maana tundu la milimita 15; 01 ni milimita 12, 03 ni milimita 17, na 04 ni milimita 20. Vipimo vya 6302 ni 15 kwa 42 kwa 13 popote ilipotengenezwa duniani. Herufi zinazofuata ndizo za kuangalia. ZZ ni vifuniko vya bati, vinazuia vumbi lakini maji yanapita. 2RS ni raba pande zote mbili. NSK wanaandika DDU na NTN wanaandika LLU kwa maana hiyo hiyo. Kwa tope la Ifakara chukua za raba pande zote, usikubali kupewa ZZ kwa sababu tu ni bei nafuu. Ikiwa ya zamani ilikuwa na C3, yaani nafasi ya gololi ndani ni kubwa kidogo kuliko kawaida, nunua yenye C3. Kama haikuwa nayo, chukua ya kawaida.

Feki zipo, na nyingi. Si kweli kwamba zote ni feki. Boksi lenye jina kubwa kwa bei ya mchicha lina maelezo yake. Angalia maandishi kwenye chuma: ya halisi ni makali na yamenyooka, hayafutiki kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na yanafanana na yaliyo kwenye boksi. SKF wana programu ya simu iitwayo SKF Authenticate. Unapiga picha ya boksi na beringi, wanakusaidia kutambua. Kama duka la uhakika liko mbali, mimi ningechukua beringi ya jina dogo inayouzwa waziwazi kwa jina lake kuliko jina kubwa linalotia shaka. Ya kwanza angalau hujadanganywa.

Kabla ya kufunga, safisha tundu la habu kwa kitambaa na uipime bushi ya kati. Iweke wima juu ya kioo: ikitikisika, ncha zake si sawa. Ikiwa ncha zimechanuka au ina alama za tupa, tafuta nyingine ya pikipiki hiyo hiyo. Kwa kawaida huwa ndefu kidogo sana kuliko umbali kati ya mabega mawili ya habu yanayozuia beringi. Ukiwa na kaliper utauona huo unywele. Ukipima ukakuta bushi ni fupi kuliko umbali huo, umeshika muuaji mkononi.

Jaribu pia beringi mpya kwenye tundu kwa mkono. Ikiingia kwa kidole bila kugongwa, habu imelika na ringi ya nje itakuwa inazunguka ndani yake. Kupiga vidoti kwa ponchi au kuzungushia kipande cha kopo la soda, kama wafanyavyo vijiweni, kunashika siku chache na kunailaza beringi. Ulegevu mdogo unatibika kwa gundi maalumu ya kushikia beringi, habu ikiwa imesafishwa mafuta yote. Ulegevu mkubwa unataka fundi wa mashine ya kukereza atie shati, yaani bomba jembamba la chuma, ndani ya habu, au habu nyingine.

Beringi mpya zilaze kwenye friza la jirani usiku, ndani ya mfuko wake. Asubuhi pasha habu tena kwa maji ya moto, kausha haraka, na uweke ya kwanza. Nguvu ipite kwenye ringi ya nje tu. Tafuta soketi ambayo kipenyo chake kinakaribia cha beringi bila kugusa habu, au tumia ringi ya nje ya ile ya zamani uliyoifungua. Gonga taratibu katikati ya soketi. Inapofika kwenye bega mlio unabadilika, unakuwa mkavu na mkali. Hapo acha.

Geuza tairi, weka bushi ya kati. Hiki ndicho kitendo ambacho watu hukisahau, wakakumbuka wakiwa wamemaliza. Kisha ingiza beringi ya pili, na hii usiipigilie mpaka mwisho wa nguvu zako. Gonga mpaka ringi yake ya ndani iiguse bushi, hapo hapo simama. Ukitia kidole, bushi isicheze kwa kugongagonga, lakini uweze kuisogeza pembeni kwa kuisukuma. Pitisha ekseli na uzungushe. Ringi zote mbili zizunguke pamoja bila kukwama. Fanya vivyo hivyo kwa ile ya spoketi, na ukiwa hapo zitazame raba za habu. Zikiwa zimekatika, spoketi inacheza na kuipiga beringi yake kila unapofungulia mafuta.

Ukirudisha tairi, kifuniko cha breki lazima kikae kwenye kizuizi chake. Nyuma ni ule mkono wenye bolti na pini. Ukiacha bila kufunga, siku utakayokanyaga breki kifuniko kizima kitazunguka na tairi litajifunga. Siku ukifanya la mbele, ni ile nundu ya shokapu inayoingia kwenye mfereji wa kifuniko, na gia ya spidomita nayo ilaze meno yake kwenye nafasi zake kabla hujakaza. Alama za kurekebishia cheni zilingane kushoto na kulia. Cheni iwe na ulegevu wa milimita 20 mpaka 30 katikati, ipimwe mahali inapokaza zaidi. Kaza nati ya ekseli kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki kama unacho, weka pini mpya, na rudia lile jaribio la mwanzo: tairi lizunguke sawa kabla na baada ya kukaza.

Toka bila abiria, nenda kama kilomita kumi, jaribu kutumia injini kupunguza mwendo badala ya breki ya nyuma ili joto la ngoma lisikudanganye. Simama, gusa habu pembeni mwa ekseli pande zote mbili. Uvuguvugu ni sawa. Kama kiganja hakivumilii upande mmoja, rudi nyumbani polepole ufungue upande huo, na uipime tena bushi ya kati kabla ya kitu kingine chochote.